Miwani ya Vioo Vitupu

Aabo Ifrah,

Ninakuita vile unavyoniita, maana kwetu baba humwita mtoto baba na mama humwita mtoto mama, na wageni kutoka bara wakitusikia hudhani tumechanganyikiwa.

Maagizo ya safari nimemwachia Hooyo, mama yako. Najua ameshakueleza habari za chandarua, za maji ya kunywa ya Banissa, za kutokaa kiti cha nyuma cha basi, na za kumpigia simu shangazi yake ukifika Wajir. Akisahau jambo atalikumbuka ukiwa umeshapanda, na atakueleza kupitia dirishani mbele ya abiria wote. Mimi sitakuwepo. Basi linaondoka alfajiri, na alfajiri ndiyo saa ya matangazo yangu, kwa hiyo badala ya kupungiwa mkono kesho, unapata karatasi hizi usiku huu.

Watu wengine huandika barua kama hii usiku wa kuamkia safari. Mimi ningengoja usiku huo, ungefika Banissa, ukafanya kazi, ukarudi likizo kabla sijamaliza ukurasa wa kwanza. Nilianza tangu ulipopata kazi. Nimekuwa nikiandika kidogo kidogo studioni baada ya matangazo, mlango ukiwa umefungwa, na Zeinab wa mapokezi anadhani nina mke mwingine. Nimeandika kwa herufi kubwa, upande mmoja wa karatasi, na nimeruka mstari baada ya kila mstari ili macho yako yapate pa kupumzika. Ukitaka, ipige picha simu ikusomee. Ila ile sauti ya simu husoma kama askari anayeita majina kizuizini, kwa hiyo nakuomba usome mwenyewe, pole pole, na kadi yako chini ya mstari. Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ambayo herufi zake hunidanganya kidogo kuliko nyingine. Kiingereza nakiheshimu kwa mbali, kama mbwa wa watu.

Alhamisi tulipokuwa tunakula, ulisema jambo ukidhani sisikii kwa sababu nilikuwa nashughulika na mfupa. Ulimwambia Hooyo, "Banissa hakuna anayenijua. Huko nitasoma kimya kama watu wengine." Hooyo akakuongezea wali. Mimi niliacha kutafuna. Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, kijana wa umri wako, mbele ya mlango wa redio, na nikayaishi mpaka nywele zikaanza kuwa nyeupe. Ndiyo maana nakuandikia. Wewe unakwenda kuwatibu mifugo wa watu ambao hawana mali nyingine. Mimi nikikosea kusoma, watu hucheka au hulia kidogo. Wewe ukikosea kusoma chupa ya dawa, boma zima linaamka maskini. Sitaki kukuogopesha, najua unalijua hili kuliko mimi. Nataka tu kukusimulia kusoma kimya kulinifanya nini, na kuna mambo mengine humu ambayo hata Hooyo hayajui.

Nilipokuwa mdogo tulisoma duksi, chuo cha Kurani, kwenye kibanda cha mabati nje kidogo ya mji. Kila mtoto alikuwa na looh yake, ule ubao wa mti. Unaandika aya kwa wino wa mkaa, unaisoma mpaka uihifadhi, kisha unauosha ubao na kuandika nyingine. Wenzangu walipenda kuandika. Mimi nilipenda kuosha. Aya ikiwa ubaoni, ilikuwa mali yao. Neno nililolijua mstari wa juu, nikilikuta mstari wa chini nilikuwa kama mtu aliyesalimiana na jirani asubuhi na jioni akamuuliza jina. Lakini maji yakishapita juu ya ubao, na kila mtu amebaki na kile kilicho kifuani mwake, hakuna aliyeniweza. Mwalimu aliwaleta wageni wanisikilize. Nilisimama pale na ubao mtupu mkononi nikashangaa mwenyewe yale maneno yanatoka wapi, moja likimvuta mwenzake, bila hata mmoja kupotea. Mpaka leo nashangaa.

Shuleni ubao haukuoshwa. Ulijaa, na mwalimu aliniita nisome, na darasa zima likajua nini kinafuata. Niliitwa mvivu, nikaitwa mkaidi, na kwa kuwa mkaidi ana heshima zaidi kidogo kuliko mjinga, nikachagua kuwa mkaidi. Nikaacha shule nikapanda malori ya mifugo yanayotoka Liboi kuja Garissa, kazi yangu kuwasimamisha mbuzi waliolala chini wasikanyagwe. Unajua desturi yetu ya njiani. Huwezi kupewa chai kabla hujaulizwa habari, na habari si "nzuri" halafu basi. Ni mvua imenyesha wapi, nani kaoa, nani kafiwa, bei ya ndama sokoni, lori la nani limekwama. Mimi nilizibeba zote kutoka Liboi mpaka Garissa, kituo baada ya kituo, na jina la kila mtu mahali pake. Madereva walikuwa wakinishusha kwanza mimi, kisha mbuzi.

Siku moja hotelini pale Garissa, mtu aliyekuwa anaanzisha kituo cha redio alinisikia nikitoa habari. Akaniambia njoo kesho. Nikaenda. Akanipa ukurasa nisome, aisikie sauti yangu. Ukurasa ulikuwa mweupe na mweusi na mrefu kama barabara ya Mandera. Nikapapasa mfuko wa shati nikasema, "Samahani, nimesahau miwani."

Sikuwahi kuvaa miwani maishani. Akasema njoo nayo kesho, hakuna shida. Nikaenda sokoni kwa mchuuzi wa miwani nikajaribu yote aliyokuwa nayo. Ile yenye nguvu ilinifanya nione mara mbili yale ambayo hata mara moja sikuyaweza. Nikachagua ya vioo vitupu, vioo vya kawaida kama vya dirisha. Kesho yake nilifika mapema nikamkuta Zeinab mapokezini, msichana tu wakati ule. Nikamwomba anisomee ule ukurasa, nisikie unavyosikika kwa sauti ya mtu mwingine. Akanisomea mara moja. Nikaingia, nikavaa miwani, nikaushika ukurasa mbele ya uso wangu nikautoa wote kuanzia juu mpaka chini. Yule bwana akafurahi sana. "Kumbe ni miwani tu," akasema.

Tangu siku hiyo, Ifrah, sijaivua mbele za watu. Ulipokuwa mtoto wa kubebwa uliivuta ukaivunja, nikaenda sokoni jioni ile ile nikanunua nyingine ya vioo vitupu, na mchuuzi akaniuliza kama sina akili. Zeinab aliendelea kunisomea "nisikie inavyosikika", na nadhani alijua kitambo, lakini ana adabu. Mimi niliishi hivyo. Nilisikiliza, nikaweka kichwani, nikaenda hewani na karatasi mkononi kama pambo. Watu wa Garissa walisema huyu mtu anasoma kama anaongea na wewe sebuleni. Sifa hiyo ilinipendeza na ilinila. Kila asubuhi niliingia studioni nikijua kwamba Zeinab akiugua mafua, nimekwisha.

Sasa nikuambie la duksi, ambalo hujui. Ulikuwa na miaka minane hivi. Nilikuja kukuchukua nikakaa nyuma kusubiri, na zamu yako ya kumsomea maalim ilikuwa imefika. Ulikuwa umevaa hijabu ya kijani. Msahafu ulikuwa wazi mbele yako na kidole chako kilikuwa juu ya mistari, kinatembea, na sauti yako ilikuwa nyoofu, haikutetereka popote. Maalim alikuwa amefumba macho kwa raha. Mimi niliangalia kidole. Kilikuwa kwenye ukurasa mwingine kabisa. Sura uliyoisoma haikuwepo pale mbele yako, ilikuwa imepita zamani, na kidole kiliendelea kutembea kwa utulivu kikidanganya kwa ajili yako.

Nilisisimka mwili mzima. Nilisema subhanallah kwa sauti, na watoto wakageuka. Jambo nililodhani Mungu amenipa mimi peke yangu duniani, nilikuwa nikilitazama kwa nje kwa mara ya kwanza, na halikuwa baya hata kidogo kulitazama. Kichwa kidogo kile kilikuwa kimebeba sura nzima kwa masikio tu. Ningeweza kukunong'oneza njiani, "Hata mimi." Nilikununulia juisi. Ulifurahi, na nikajiambia bado wewe ni mtoto, na miwani yangu ikakaa puani.

Kisha ukaja ule mwaka ambao mwenye redio alimwajiri meneja mpya, Bwana Njeru kutoka Embu, kijana mzuri anayependa kila kitu kiandikwe. Siku moja, Zeinab akiwa ndiyo kwanza ameanza likizo ya uzazi, wewe ulikuwa nyumbani na homa. Dakika ya mwisho Bwana Njeru akafungua mlango wa studio akanipa karatasi yenye matangazo mawili, taa nyekundu ikiwa imeshawaka. Tangazo la juu lilikuwa la msiba, familia moja ya hapa mjini imefiwa na baba yao. La chini lilikuwa la Mzee Dubow wa njia ya Liboi, amepoteza ngamia majike, mmoja ana sikio lililopasuka na kengele ya mbao shingoni. Nikavuta pumzi nikaanza. Nilidhani nimesoma vizuri. Nilijipongeza hata, nikaweka kisomo cha Kurani kama tunavyofanya baada ya matangazo ya msiba, nikaja nyumbani kunywa chai.

Ulikuwa umejifunika shuka karibu na redio. Ukaniangalia kwa namna ambayo hukuwahi kuniangalia. Ukasema, "Aabo, umeruka mstari."

"Mstari gani?"

"Umesema Mzee Dubow wa njia ya Liboi amefariki dunia, mwenye sikio lililopasuka na kengele ya mbao shingoni." Kisha ukasema, ukiwa umeshusha sauti ili Hooyo asisikie, "Hata mimi huwa naruka."

Niliwahi kusikia sauti yangu kwenye redio za maduka, kwenye malori, kwenye simu za watu. Sikuwahi kufikiri kuna mtu mmoja anayenisikia mpaka ndani vile. Mji mzima ulikuwa na masikio, na mtoto mwenye homa ndiye aliyetambua jicho langu limeruka wapi, kwa sababu lake huruka pale pale. Nilikaa sakafuni karibu nawe nikavua miwani. Ulikuwa mtu wa kwanza kuniona nikiivua kwa hiari, ingawa hukujua maana yake, ukadhani nataka kufuta jasho.

Nilikimbia kurudi redioni kusahihisha, lakini watu wetu wakishasikia jina la maiti hawasikilizi kingine. Magari yalikuwa yameshaondoka kuelekea njia ya Liboi na sukari na majani ya chai na mbuzi wa kuchinja. Mzee Dubow mwenyewe alikuwa porini akiwatafuta ngamia wake. Jioni anarudi, anakuta boma limejaa watu, wanaume wamekaa kwenye mikeka, mke wake analia ndani na wanawake. Sasa wewe unajua tunavyofanya. Mtu akikuta tanga haanzi kuuliza, anakaa kwanza na kuinua mikono. Mzee Dubow akakaa mwisho wa mkeka, akainua mikono, akamwombea marehemu dua ndefu, na aliniambia baadaye kwamba aliomba kwa moyo wote kwa sababu aliona watu wanalia sana, akajua aliyekufa alikuwa mtu mwema. Alipomaliza kujipangusa uso, jirani yake akageuka kumpa pole.

Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kwa Bwana Njeru, na fimbo yake.

"Wewe ndio mkubwa ya hii redio?"

"Ndiyo, mzee. Pole sana kwa yaliyotokea. Ilikuwa hitilafu ya mitambo."

"Bole ya nini? Mimi iko hai. Watu yangu ndio imechoka kulia. Sasa nibatie hiyo kitu ya kusemea. Nitasema mwenyewe."

Akapewa. Nikamwekea kipaza sauti. Alianza kwa Kisomali kuwashukuru waliokuja kumlilia, akiwataja kwa majina, na kisha akawataja wale ambao hawakuja. Hilo lilichukua muda. Halafu akawaeleza ngamia wake, mmoja mmoja, rangi, sikio, mwendo, tabia. Garissa yote ilikuwa imesimama. Madukani watu waliongeza sauti kumsikia maiti anavyozungumza, na porini kila mwenye redio ndogo alikuwa ameitega. Wiki haikuisha, ngamia wakapatikana.

Tulipotoka nje, alinisubiri kwenye ngazi. Akaniuliza kwa lugha yetu kwa sauti ya chini, "Karatasi ilikukataa?"

Nikasema, "Ndiyo. Tangu utoto."

Alinitazama, akatazama miwani, akacheka mpaka akakaa chini. Sikuona alichochekea na nilikasirika. Alipopata pumzi akasema, "Basi siku nikifa kweli, nitangaze kwa kichwa. Karatasi yako imeshaniua mara moja." Miaka kadhaa baadaye alifariki, na mimi nilimtangaza bila karatasi, na nilikumbuka jina la baba yake na la babu yake na la yule ngamia mwenye kengele. Nililia hewani kidogo. Watu walidhani ni ndugu yangu.

Kuanzia ile siku ya homa, mimi na wewe tulikuwa na siri moja, na Hooyo, ambaye hapendi siri asizokuwemo, aliitoa kwetu kabla ya Ijumaa. Alikushika mkono akakupeleka shuleni kwa Mwalimu Kamene, yule mama wa Kitui aliyekuwa amehamishiwa kwetu muhula ule. Nilikuwa nyuma yenu na nilisikia yote. "Mwalimu," Hooyo akasema, "hii mtoto si mfifu. Kurani nusu iko kwa kichwa yake. Lakini kitabu yako inamshinda. Niambie kwa nini." Mwalimu Kamene hakucheka. Alikukalisha, akakusomesha, akakusikiliza muda mrefu, akatikisa kichwa taratibu. Kisha akasema mpwa wake ana hali hiyo hiyo, na akalitaja jina lake, disleksia.

Mimi niliposikia lina jina nilitafuta pa kukaa. Hooyo alidhani nimepata habari mbaya. Ilikuwa kinyume. Jambo likiwa na jina maana yake kuna mtu mwingine alishalikuta, akaliangalia, akalitofautisha na uvivu. Nilikuwa mtu mzima mwenye mke na watoto na sauti inayojulikana mpaka mpakani, na ndiyo kwanza nikajulishwa kwamba mimi si mvivu. Nilitembea kurudi nyumbani nikilitamka kimya kimya kama jina la mgeni mheshimiwa.

Mwalimu Kamene ndiye aliyekupa ile kadi ya kuweka chini ya mstari na ule mtindo wa kusoma kwa sauti ili sikio lisahihishe jicho. Na sisi tukaanza ile kazi yetu ya jikoni, iliyoendelea mpaka ukafika chuo cha mifugo. Hooyo alisoma vitabu vyako huku akipika, mimi nilishika kinasa sauti cha studio, na wewe ukasikiliza usiku na mchana kwenye simu. Mpaka leo, kwenye somo la minyoo ya mbuzi, husikika kitunguu kikiingia kwenye mafuta, na kwenye homa ya mapafu Hooyo anamfukuza kuku. Uliniambia kwamba kwenye mtihani wa chuo ulikumbuka jibu kwa sababu ya yule kuku. Mimi nilikuwa fundi tu wa kurekodi, lakini nikifika sokoni na mbuzi wa mtu akikohoa, najua anaumwa nini. Baba yako aliyeacha shule alisoma diploma nzima ya mifugo akiwa ameshika waya.

Nakuja sasa kwenye jambo nililoliona mwenyewe na ambalo unataka kulitupa.

Ulipokuwa kwenye mafunzo ya kazi pale soko la mifugo, nilipita siku moja sikukuita. Nilisimama nyuma ya lori. Wafugaji walikuwa wamepanga foleni na mbuzi wao, vumbi limejaa. Ukachukua chupa, ukaisoma kwa sauti, jina la dawa, kipimo, tarehe ya mwisho, vipande vipande, kama mtoto wa darasa la pili. Kisha ukampa msichana mwenzako akakusomea tena yale yale, ukasikiliza umefumba macho, ndipo ukavuta dawa kwenye sindano. Kila chupa. Nilikuwa naumia kwa niaba yako. Nilitaka kuja kukufunika uso. Ndipo mwenye mbuzi akaweka mkono juu ya mnyama wake akasema, "Ngoja. Hiyo uliyotaja, hawa walichomwa wiki iliyopita kule tulikotoka." Ukarudisha sindano chini, ukamuuliza maswali, ukabadilisha.

Yule mzee hajui kusoma hata herufi moja, na aliweza kukuambia kwa sababu ulimsomea. Ungesoma kimya angebaki ameshika mbuzi wake akikuamini. Niliganda pale nyuma ya lori. Kitu ambacho mimi nilikificha chini ya miwani miaka yote hiyo, wewe ulikuwa umekiweka mezani mbele ya foleni, na kilikuwa kinafanya kazi. Sijui ulikipata wapi kifua hicho. Si kwangu. Nilirudi redioni nikiwa siwezi kuongea sawasawa, na mtu wa kuongea ni mimi.

Na najua pia kilichotokea siku ya mwisho ya mafunzo, yule kijana mwenzenu aliposimama mbele ya wote akaigiza unavyosoma. Msichana mwenzako alimwambia Hooyo. Ulicheka nao, alisema. Mimi nakijua kicheko hicho. Na ndicho kilichokufanya uamue kwamba Banissa utakuwa kama watu wengine.

Sikuamrishi. Ningekuamrisha kwa uso gani, mimi niliyempa meneja wangu "hitilafu ya mitambo" nikamwacha akaitangaza kwa Kiswahili na kwa Kisomali? Mpaka leo wasikilizaji wanaamini siku ile mashine ziliharibika. Baada ya lile tangazo Bwana Njeru aliniuliza kwa upole kama miwani yangu imezeeka, nami nikasema ndiyo, na akaninunulia mpya kwa fedha za kituo. Nayo nikaipeleka kubadilishwa vioo. Nikikuambia umwambie daktari wako mkuu wa huko siku ya kwanza, kwamba huyu afisa mpya husoma chupa kwa sauti na anahitaji mtu wa kumsomea tena, nitakuwa nakutuma mahali ambapo mimi mwenyewe sijafika.

Kwa hiyo nimeamua kwenda kwanza.

Kesho alfajiri, wewe ukiwa ndani ya basi, baada ya salamu na kabla ya habari, nitawaambia wasikilizaji. Nitaanza na Mzee Dubow, Mungu amrehemu, kwamba siku ile mitambo ilikuwa mizima, ni jicho la mtangazaji wao lililoruka. Nitawaambia kwamba mtu wanayemsifia kusoma hajawahi kuwasomea, huwa anawasimulia tu. Nitalitaja lile jina alilotupa Mwalimu Kamene. Sijamwomba meneja ruhusa. Naogopa, Ifrah, sikufichi. Sijui watu watasema nini sokoni. Lakini nimefikiria kwamba mahali fulani kuna mtoto amelala na homa karibu na redio.

Kwenye mfuko mdogo wa begi lako, ule wa zipu, utakuta miwani yangu. Ivae kidogo ndani ya basi uangalie nje ya dirisha, uone ninachosema. Hakuna kitu ndani yake. Miti ni ile ile, barabara ni ile ile. Sitaihitaji asubuhi.

Mawimbi yetu hufifia kabla hamjafika Modogashe, lakini nitaanza mapema na mtakuwa bado karibu. Basi lile lina redio mbele, nimeuliza. Mwambie dereva aongeze sauti.

Aabo